Ziwa si mahakama: niliyoambiwa na wasomaji wangu

(Mlioshindwa kufika Jumamosi mmeniomba maneno yote. Haya hapa kama yalivyotoka, isipokuwa zile dakika ishirini umeme ulipokatika tukawa tunaimba.)

Mwangaluka!

Wazee wangu wa viti vya mbele, wabeja sana. Ndugu zangu wa Mwaloni mliopitia hapa na ndoo zenu mkiwa njiani kwenda kazini, karibuni. Nanyi vijana mliojazana dirishani, ingieni ndani, viti vipo. Aibu ya kukaa karibu na mwandishi itawaisha nikianza kujikaanga mwenyewe, na nitajikaanga kweli, mafuta nimekuja nayo.

Niliitwa nizungumzie kitabu changu. Nikakataa. Nikawaambia walioniita: kitabu nimekwisha kukizungumza kurasa 214, kama kuna neno lilibaki basi nilishindwa kazi. Niacheni nizungumzie wasomaji. Niwarudishie waliyoniambia, maana wengine hawajui walichonifanyia.

Lakini tusidanganyane. Wapo humu ambao hawajakisoma. Wapo, tena ndio wenye maoni makali kuliko wote! Siwalaumu, ni ugonjwa wetu sote. Mwaka 2006 palikuwa na ile filamu ya Darwin's Nightmare, ya Hubert Sauper wa Austria, iliyopigwa hapa hapa kwetu, habari za sangara na mapanki, ile mifupa inayobaki minofu ikishatolewa. Rais wa wakati ule, Jakaya Kikwete, aliikemea hadharani, na watu wakaingia barabarani hapa Mwanza kuipinga. Mimi wakati huo nilikuwa karani kwenye kiwanda cha minofu, ugali wangu ulikuwa humo. Nikasimama kando ya barabara na mfuko wa nyanya mkononi, nikapiga kelele kama wenzangu. Filamu sijaiona hata dakika moja. Jirani yangu alikuwa anapiga kelele kunizidi, nikamuuliza, "Kwani inasemaje?" Akanijibu, "Inatutukana." Basi tukaendelea.

Nilikuja kuiona miaka mingi baadaye. Nikakuta ninayo ya kuigombeza, lakini siyo yale niliyopigia kelele siku ile.

Kwa hiyo kwa ninyi msiosoma, hadithi kwa kifupi. Kuna kisiwa nilichokibuni, ndani ya ziwa ambalo sikulibuni. Kuna ghala la serikali, na ndani yake kilo 400 za mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa sangara, yaliyokamatwa yakitoroshwa, yanasubiri kesi. Mnajua bei ya bondo la sangara likishakauka. Minofu yote ya samaki huyo hailifikii. Asubuhi moja kilo 400 zimekuwa 40. Maelezo rasmi: yamekauka. Wiki inayofuata ni kilo nne. Yamekauka zaidi. Tume inaundwa. Tume inaripoti kwamba kilichobaki ghalani ni harufu, na kwamba harufu imehifadhiwa kwa kuzingatia taratibu. Tume ya pili inaundwa kuchunguza ile ya kwanza. Wakati huo karani wa mizani, mtu mdogo kabisa, anakimbia usiku na daftari lenye uzito halisi wa kila gunia, na kuna watu wanamfuata.

Walimu wa fasihi watawaambia hiyo ni tashtiti iliyochanganywa na taharuki. Mimi nilikuwa nacheka tu huku naogopa.

Na kitu kimoja mkumbuke, tutakirudia. Kitabu kizima sikumpa mtu jina. Mwenyekiti ni Mwenyekiti. Karani ni karani. Vyeo tu.

Nilichapisha nakala 300 kwa fedha za kikoba. Wanakikoba wenzangu mpo hapa, nadaiwa bado, najua, tutaongea nje. Sikuwa na duka wala wakala. Nikauza mkononi, na nakala zikaanza kusafiri zenyewe. Moja nilimpa mpwa wangu wa Nyakato, ikahamia Igoma, ikapanda boti kwenda Nansio, ikarudi kwangu baada ya miezi saba. Ninayo hapa. Kava limekwenda. Inanuka dagaa. Ukurasa wa 61 una duara la mafuta ya chapati, unaona kabisa mtu aliiweka pale akasahau. Lakini tazameni pembezoni. Kalamu tatu tofauti. Ya bluu imeandika kando ya Mwenyekiti: "Huyu ni yule wa kwetu." Chini yake ya nyekundu: "Hapana, ni wa kwetu sisi, wa kwenu hana gari." Na chini kabisa, kwa penseli, mwandiko wa mtu aliyechoka: "Someni mbele, nyie."

Nimepewa sifa kadhaa maishani. Hiyo ya penseli ndiyo ninayoipenda.

Maana swali lenu la kwanza, swali la kila mmoja, lilikuwa hilohilo. Huyu ni nani? Nimeulizwa kwenye daladala. Nimeulizwa msibani, jamani, maiti iko ndani! "Mama, tuambie tu sisi, hatumwambii mtu, Mwenyekiti ni nani?"

Nikapigiwa simu na mzee mmoja, mtendaji mstaafu. Simfahamu, sijawahi kukanyaga kata yake. Alianza kwa upole. "Bibi, nani kakupa habari zangu?" Nikamuuliza habari zipi, mzee wangu. Akasema, "Za kiti."

Sasa, kitabuni Mwenyekiti anatembea na kiti chake mwenyewe nyuma ya gari. Akienda mkutanoni, dereva anakishusha kwanza. Anaogopa kukalishwa kiti kifupi kuliko cha katibu wake. Mambo ya kiti niliyatunga jikoni, nachambua mchele, hakuna mtu aliyeniambia. Na mzee akaendelea kwa uchungu wa kweli: "Kile kiti nilikinunua kwa fedha yangu. Kilikuwa na mto kwa sababu ya mgongo. Hilo la mgongo mbona hukuliandika?"

Ningemjibu nini? Nilimpa pole ya mgongo.

Mnacheka. Nami nilicheka, wiki nzima. Kisha nikamfikiria Shaaban Robert. Kusadikika ilichapishwa mwaka 1951, Mwingereza yupo madarakani, na yeye akaitundika nchi yake hewani, mahali pasipo mipaka na mtu yeyote. Karama anashitakiwa kwa kosa la kutaka watu wajifunze sheria. Mshitaki ni waziri, Majivuno. Nawauliza: nani humu ndani hajawahi kukutana na Majivuno? Nyoosheni mikono. Hakuna. Haya, tungempa kila mtu karatasi aandike Majivuno wake ni nani, tungepata jina moja? Tungepata majina kama watu tulivyo humu, na wawili watatu wangeandika jina la mume.

Hapo ndipo kejeli inapofanya kazi yake. Mwandishi anashona kanzu, mwenye mwili anakuja mwenyewe. Ndiyo maana watani wetu huweza kuingia msibani, wakavaa nguo za marehemu, wakaigiza alivyokuwa bahili, na wafiwa wakacheka huku wanalia. Mtani hasemi "nazungumzia mwendazake fulani bin fulani". Anakohoa tu kama yeye, imetosha.

Basi nikajiridhisha. Nikajiambia, mama, umefanya vizuri kutotaja majina. Wewe na Shaaban Robert! Mtaona baadaye ridhaa hiyo ilivyonitokea puani.

La chumvi nitalipitia haraka. Wengine mlisema nimezidisha. Kwamba tume ya kuchunguza tume haiwezekani, na kwamba ile fomu ambayo mabondo yaliyopotea yanajaziwa kama shahidi wa kupotea kwao wenyewe ni utani uliopitiliza. Hao niliwasikiliza. Kisha akaja mama mmoja aliyetumikia masjala miaka mingi, akakaa sebuleni kwangu, akafungua ukurasa wenyewe, akaweka kidole. "Hapa umekosea." Nikajua ninaambiwa chumvi tena. Akasema, "Fomu ya namna hii haijazwi nakala moja. Ni tatu. Moja inabaki kwa aliyepotea."

Sijui kama alikuwa anatania. Uso wake haukuonyesha. Nimerekebisha: nakala tatu.

Tuje kwenye mbio, maana kuna waliokifungua kitabu wakitafuta mbio. Kijana wangu wa bajaji, yule pale, usijifiche, alinishusha Buzuruga akanigeukia. "Mama, karani wako hana bastola. Hana gari. Hajui kupigana. Atashindaje?" Swali zuri. Mimi nimekua na Willy Gamba wa Elvis Musiba, nimekua na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, nimewasoma kwa koroboi chini ya shuka mpaka pua inakuwa nyeusi ndani. Wale walikuwa wanaume wa kazi! Wanaingia mlangoni, wakikuta umefungwa wanaingia ukutani. Karani wangu ana miwani iliyofungwa kwa uzi na daftari la mizani, na akikimbia anashika suruali.

Nilimjibu kijana kwamba daftari ndilo bastola. Akanitazama kwenye kioo, hakusema kitu. Nauli aliichukua kamili.

Ila lawama yenu nyingine kuhusu mbio niliikubali palepale. Mlisema katikati kitabu kinalala. Mmoja aliniandikia: "Kuanzia ukurasa wa 120 ulikuwa unacheka peke yako." Iliniuma, kwa sababu ni kweli. Nilikuwa nimenogewa na mikutano ya tume. Chai ya tume, posho ya tume, mjumbe anayelala na kuamka akiunga mkono hoja. Kurasa thelathini! Na karani wangu nimemwacha kwenye mwamba, usiku, mvua inamnyeshea, anasubiri wajumbe wamalize vitafunio.

Mliotoka Kisesa na Magu mnajua mashindano ya ngoma. Wagika upande huu, Wagalu upande ule, wanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja. Hakuna jaji mwenye kalamu. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Na silaha ni nini? Nyimbo za kumchamba mpinzani, ndiyo, lakini maneno matupu hayamshikilii mtu kwenye jua la saa nane. Lazima kuwe na kitu kinakuja. Mtu anashika nyoka, na wewe huondoki, unataka uone kama atamuuma. Wakati bado unamwangalia nyoka, mwimbaji anakupenyezea tusi la mpinzani, unacheka, kesho unaliimba shambani.

Mimi kuanzia ukurasa wa 120 nilimrudisha nyoka kwenye kapu, nikaendelea kuimba. Uwanja ukabaki na mbwa na watoto wawili. Wote wengine mmehamia kwa Wagalu. Nimekoma.

Sasa nifikie lililonileta. Naomba maji kwanza.

Kitabu kinaishaje? Mliosoma mnajua. Karani amefika makao makuu na daftari lake. Kesho asubuhi anasimama mbele ya tume. Mwenyekiti kapata habari, anapanda boti usiku kumuwahi, upepo unainuka, boti linapinduka. Asubuhi kiti chake kinaonekana kinaelea. Mwisho.

Nilikipenda kile kiti. Niliandika sentensi ya mwisho nikafunga daftari nikatembea uani kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Na sifa zilikuja! "Mama, kile kiti!" "Dhuluma imelipwa!" Mwalimu mmoja akasema ni taswira.

Kisha nikaitwa na mama mmoja wa dagaa. Sitamtaja, na hayupo leo. Angekuwepo nisingeweza kuyasema haya. Macho yake hayasomi maandishi madogo. Mjukuu wake ndiye aliyemsomea kitabu chote, jioni kwa jioni, wakianua dagaa. Nikamkuta ameinama juu ya turubai, anatoa mchanga kwa vidole, anatenga dagaa waliovunjika upande wa chakula cha kuku. Hakuinuka. Akasema, "Kaa, mwanangu." Nikakaa kwenye ndoo.

Akaniuliza, "Yule dereva wa boti alikuwa na kosa gani?"

Nikasema, mama, dereva gani?

"Boti la Mwenyekiti halikujiendesha."

Nikakumbuka kwamba ndiyo, nilimweka dereva, sentensi moja. Nikasema hakuwa na kosa, ila ndiyo hadithi.

"Na wengine?"

Wengine akina nani, mama?

Akamwita mjukuu. Binti akaja na kitabu, akafungua ukurasa wa mwisho, akasoma kwa sauti ya darasani: "Boti likapinduka, likamzamisha Mwenyekiti na wengine watano."

Yule mama akarudia taratibu, huku vidole vinaendelea na dagaa. "Na wengine watano."

Ndugu zangu, mpo humu wa umri wangu. Tarehe 21 Mei 1996 mlikuwa wapi? Mimi nilikuwa na miaka 22. MV Bukoba ilikuwa inatoka Bukoba kuja hapa kwetu, ikapinduka asubuhi, Mwanza iko karibu. Mamia ya watu. Na mnakumbuka habari ya orodha. Abiria wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa. Wa daraja la tatu hawakuandikwa. Nendeni Igoma leo mkaone makaburi. Na mwaka 2018, tarehe 20 Septemba, MV Nyerere, pale Ukara, gati linaonekana kwa macho, watu wanatoka mnadani Bugolora na mizigo yao. Zaidi ya watu 200. Wa Ukerewe mpo hapa, sihitaji kuwasimulia.

Yule mama alikuwa na kaka yake ndani ya MV Bukoba. Daraja la tatu. Akaniambia, "Mwanangu, kaka yangu hakuwa na karatasi. Kila tukiuliza, wanatusomea majina ya watu, kisha wanasema na wengine. Sisi ndugu yetu ni na wengine."

Akanyamaza. Kisha akasema neno ambalo nimelifanya kichwa cha mazungumzo haya. "Ziwa si mahakama. Mahakama inauliza jina. Ziwa halikuuliza."

Nilikaa pale kwenye ndoo. Sikuwa na jibu la fasihi. Mnielewe: mimi nimezaliwa ufukweni. Msiba ule niliuona kwa macho yangu, nilisimama bandarini na watu wangu tukisubiri. Na bado, miaka yote hiyo baadaye, nilipotaka kummaliza mtu mbaya haraka na kwa uzuri, nikanyoosha mkono nikachukua boti linalopinduka. Kama mtu anayechukua chumvi rafuni. Nikatia na watu watano ndani, ili lisiwe tupu.

Usiku ule nilijiuliza swali ambalo nawaomba mnivumilie nikilisema mbele ya watu. Kwa nini nilimzamisha? Karani alikuwa amefika. Daftari lipo. Tume imekaa. Kilichobaki ni kufungua mlango, aingie, aulizwe, aseme. Kurasa 200 nimemkimbiza kwa ajili ya asubuhi hiyo. Kwa nini asubuhi hiyo haimo kitabuni?

Jibu ninalo tangu mwaka 2003.

Nilikuwa kwenye mizani ya kiwanda kimoja, hakina haja ya jina. Kazi yangu: sangara anapanda, nasoma, naandika. Mizani ile ilikuwa inapunguza. Mvuvi analeta kilo 60, inasoma 57. Nilijua, kwa sababu tulikuwa na jiwe la kilo kumi la kupimia, nami siku moja nililipandisha peke yangu kabla ya watu kuja, likasoma tisa na nusu. Nikalishusha. Nikapangusa mizani kwa kitambaa, sijui kwa nini, kama vile nimeichafua.

Akaja mkaguzi. Mtu mzima, ana faili kwapani, ana haraka, gari linamsubiri nje injini inawaka. Akaniuliza, "Karani, mizani iko sawa?"

Wavuvi walikuwa pale. Wanane, labda kumi, wameshika kofia. Wananitazama.

Nikasema, "Iko sawa, mzee."

Akaandika. Akaondoka. Mwanangu alikuwa darasa la kwanza, ada ilikuwa imelipwa nusu. Nayasema haya ya ada kwa sababu ni kweli. Mkiyachukua kama utetezi ni ninyi.

Sasa mnaona nilichofanya kitabuni? Wasomaji mlinisifu kwa kumwadhibu Mwenyekiti. Mwenyekiti sikuwa na ugomvi naye mkubwa kiasi hicho, nilimfurahia, yeye na kiti chake. Nilizamisha boti ili karani asiulizwe. Ili asisimame mbele ya watu wenye kofia mikononi, akaulizwa mizani iko sawa, nami nikalazimika kujua atajibu nini. Hadithi ya taharuki ikanipa mlango wa uani: dhoruba, kiti kinaelea, pazia. Na kejeli ikanipa vazi: vyeo bila majina. Nikajisifu kwamba ni ufundi, mimi na Shaaban Robert! Yeye alimweka Karama kizimbani akamwachia aseme, siku baada ya siku, na wajumbe sita wa Kusadikika aliwataja kwa majina yao, kila mmoja na safari yake na kifungo chake. Mimi wangu sikumfikisha hata mlangoni.

Sisemi kila mwandishi anayejificha ni mwoga. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Namagondo pale Ukerewe, aliiandika Kaptula la Marx miaka ya 1970, na ikatoka kitabu mwaka 1999. Kuna kazi zinasubiri kwa sababu nyakati hazizipokei. Yangu hakuna aliyeizuia. Sikupigiwa simu na mtu, isipokuwa mwenye mgongo.

Kijana wa bajaji, wewe ndiye uliyekuwa umekaribia kuliko wahakiki wote. "Atashindaje?" Ulikuwa umeona kwamba simpeleki popote.

Kwa hiyo nimeandika sura mpya. Ndiyo, wanakikoba, kuna toleo la pili, pumueni. Boti halizami. Upepo unavuma, Mwenyekiti anatapika njia nzima, anafika akiwa hai na kiti chake kimelowa. Anakaa nacho mstari wa mbele, kinachuruzika. Dereva wa boti nimempa jina. Ana mke, nimempa jina pia. Karani anaitwa. Anafungua daftari lake, na humo hakuna vyeo. Kuna majina ya wavuvi wote walioleta samaki, kila jina na kilo zake, zile za kwenye daftari na zile za kweli. Anaanza kusoma. Wajumbe wanatazama saa. Mjumbe anayelala analala. Anasoma tu. Kurasa sita za majina, na mchapishaji ameniuliza kama kurasa sita hazitawachosha watu. Nimemwambia hizo ndizo asizipunguze hata mstari.

Mwezi uliopita nilipeleka sura hiyo kule kwenye turubai la dagaa. Nilijisomea mwenyewe, sikumwachia mjukuu. Mkono ulikuwa unatetemeka, na karani wangu kwenye ile sura sauti yake inatetemeka pia, nimeandika hivyo, kwamba alisoma kwa sauti ndogo.

Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakusimamisha vidole hata mara moja. Nilipomaliza akapepeta ungo, akapuliza mchanga, akasema:

"Mwambie huyo karani wako aongeze sauti. Sisi wa nyuma hatumsikii."